Waya Nao Unakula Umeme

Kuna mchongo unaozungumzwa sana kwenye mageto ya Malimbe na Nyegezi, hasa bumu likikaribia. Watu watatu wanne wachange, wanunue Hiace iliyochoka kazi ya daladala, wang'oe viti, waweke godoro nyuma, friji ndogo ya vinywaji, taa, spika ya matangazo na sehemu ya kuchajia simu za watu, halafu wawe wanafuata minada. Leo Magu, keshokutwa Misungwi, mwisho wa wiki Kwimba. Mchana gari ni duka, usiku ni geto. Watalii wanaopita Mwanza kwenda lango la Ndabaka kuingia Serengeti wengine hulala kwenye magari ya namna hiyohiyo, kwa hiyo wazo lenyewe si la ajabu hata kidogo.

Kwenye mahesabu ya mchongo huo utakuta kila kitu: bei ya gari, bima, matairi, mtaji wa bidhaa. Waya huukuti. Umeme unaandikwa mstari mmoja tu, "betri na fundi", basi. Na ukiuliza unajibiwa kwamba huo ni umeme mdogo wa gari, volti 12, hauwezi kumrusha mtu. Hilo la kurusha ni kweli. Ukishika vichwa viwili vya betri ya gari kwa mikono mikavu husikii kitu. Lakini gari likishika moto usiku na watu wamelala ndani, tatizo halikuwa umeme kumrusha mtu. Tatizo ni waya uliopata joto kuliko unavyoweza kulibeba, na uliwekwa na mtu aliyeamini kwamba volti chache maana yake ni umeme kidogo.

Nasomea ualimu wa fizikia, na nadhani imani hiyo tunaipanda wenyewe darasani. Kidato cha pili na cha tatu tunachora betri upande mmoja, kisanduku cha upinzani upande wa pili, halafu tunaviunganisha kwa mistari. Mistari ile ndiyo waya. Kwenye hesabu mistari haina upinzani, haina urefu, haina unene, haina bei. Mwanafunzi anakokotoa ampea za kile kisanduku, anapata vema, anaendelea na maisha akiwa na picha kwamba waya ni njia tu, umeme unapita bure. Georg Ohm mwenyewe, ambaye jina lake tumelipa upinzani, alikuwa mwalimu wa sekondari kule Köln, Ujerumani, alipokuwa akifanya majaribio yaliyozaa kitabu chake cha mwaka 1827. Na alichokuwa akikipima kwenye majaribio yale kilikuwa waya: nyaya za urefu tofauti na unene tofauti. Kisanduku tumekiweka sisi baadaye.

Kwa nyumba ya TANESCO picha ile ya ubaoni haikudhuru sana. Chukua blenda ya juisi ya wati 600. Wati ni volti mara ampea, kwa hiyo ukiichomeka geto kwenye volti 230 inavuta ampea 2.6. Waya wa kawaida wa soketi hata haujui kama kuna kitu kinapita. Sasa ipeleke blenda hiyohiyo kwenye Hiace, uiwashe kwa inveta inayochukua umeme wa betri. Wati 600 gawanya kwa 12, unapata ampea 50. Inveta nayo inakula chake njiani, kwa hiyo hesabu ya kweli ni kama 57. Blenda haijabadilika, juisi ni ileile, ampea zimezidi mara 19 na zaidi. Na joto linalozaliwa ndani ya waya halifuati ampea moja kwa moja, linafuata ampea zilizozidishwa kwa zenyewe. Mara 19 kwa 19 ni mara 361. Waya uleule na urefu uleule ambao nyumbani ulikuwa baridi, kwenye gari unazalisha joto zaidi ya mara 361. Huo ndio "umeme mdogo".

Kwa hiyo kwenye gari waya usiuhesabu kama njia. Uhesabu kama kifaa kingine kinachokula betri yako, na ujue kinakula kiasi gani kabla hujaenda dukani.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 1 na urefu wa mita 1 una upinzani wa omu 0.0175 hivi. Waya ukiwa mnene mara mbili, upinzani unakuwa nusu. Ukiwa mrefu mara mbili, upinzani unakuwa mara mbili. Namba ambazo mafundi wanazitaja dukani, "nipe wa moja na nusu, nipe wa mbili na nusu", ndizo hizo milimita mraba. Cha kukumbuka ni kwamba umeme unakwenda na kurudi. Friji ikiwa mita 5 kutoka kwenye betri, waya ni mita 10.

Tuishike hiyo friji, kwa sababu ndiyo inayowaumiza watu wengi. Friji ndogo ya gari, ya kompresa, ina wati kama 50, yaani ampea 4.2. Fundi mwenye haraka atakuwekea waya wa milimita mraba 1 kwa sababu "ampea nne huo unabeba". Na kweli unabeba, hautaungua. Lakini mita 10 za waya huo ni omu 0.175, na ukizidisha kwa 4.2 unapata volti 0.74 zilizopotelea njiani. Betri usiku ikiwa na volti 12.2, friji inapata 11.5. Kompresa inapoanza kuzunguka inavuta ampea nyingi zaidi kwa muda mfupi, hapo friji inaona chini ya 11. Friji za aina hii zina kinga inayozima volti zikishuka kupita kiasi ili zisiue betri. Basi inazima. Ikizima, waya haupitishi kitu, volti zinapanda tena hadi 12.2, friji inaona mambo safi, inawaka. Inazima. Inawaka. Asubuhi soda ni za moto, na wewe unakwenda kununua betri mpya kwa sababu unajua kabisa kwamba ile ya zamani imekufa. Betri mpya inatulia wiki mbili, kisha mchezo unarudi palepale. Pesa ya betri ni kubwa kuliko pesa ya mita 10 za waya mara nyingi sana.

Kanuni ninayoitumia ni hii: chukua urefu wa kwenda na kurudi, zidisha kwa ampea, zidisha kwa 0.0175, halafu gawanya kwa volti ambazo uko tayari kuzipoteza. Jibu ni milimita mraba. Kwa vifaa vingi upotevu wa asilimia 3 unavumilika, na asilimia 3 ya 12 ni volti 0.36. Friji yetu: 10 mara 4.2 mara 0.0175, gawanya kwa 0.36, ni 2.04. Waya wa 2.04 haupo dukani, kwa hiyo unapanda hadi 2.5. Usishuke kwenda 1.5 kwa kisingizio kwamba "tofauti ni ndogo". Kwa taa za LED hata 1 au 1.5 inatosha kabisa, zinavuta ampea moja na kitu zote kwa pamoja. Kwa hiyo si kwamba kila mahali unaweka waya mnene, hapana. Unaweka mnene panapostahili.

Sasa rudi kwenye inveta na ampea zake 57, tuseme 60 ili tusibanane. Mtu anaiweka inveta karibu na mlango ili wateja waone, betri iko chini ya kitanda, umbali mita 3. Akitumia waya wa 2.5 uliobaki kwenye friji, mita 6 za kwenda na kurudi ni omu 0.042. Ampea 60 zinapoteza volti 2.5 humo, na waya wenyewe unageuka kuwa hita ya wati 150 iliyolala chini ya zulia. Akitumia waya wa 16, upotevu unashuka hadi volti 0.4 na wati 24. Na akifanya kitu cha akili zaidi, akaisogeza inveta iwe mita 1 tu kutoka kwenye betri, akabaki na huo wa 16, inabaki volti 0.13 na wati kama 8. Kisha upande wa volti 230 ndio anautembeza mrefu hadi mlangoni kwa waya wa kawaida wa 1.5, kwa sababu huko ampea ni 2.6 tu. Ila huo wa 230 ndio unaorusha watu, kwa hiyo soketi yake isiwe ya kuning'inia na isikae jirani na ndoo ya maji.

Wavuvi wetu wa dagaa hapa ziwani hiyo siri ya umbali wameshaifikia bila kuandika hesabu. Miaka na miaka dagaa walivuliwa kwa karabai za mafuta ya taa, usiku wa giza, mwezi ukitoka watu wanapumzika. Mwaka 2008 kampuni ya taa ya OSRAM ilifungua kituo Mbita, upande wa Kenya, cha kuwapa wavuvi taa za betri zilizochajiwa kwa jua badala ya karabai. Leo taa za LED zimeenea pande zote za ziwa. Ukiangalia boya la taa la siku hizi, betri imefungwa palepale chini ya taa, waya ni wa shibiri chache. Hakuna anayeacha betri ndani ya mtumbwi akavuta waya hadi kwenye boya. Hiace inahitaji fikra ileile: vitu vinavyokula sana vikae karibu na betri, vinavyokula kidogo viende mbali.

Unene ukishaujua, kazi inayofuata ni kuupata waya ambao kweli una unene huo, na ni shaba. Hapa ndipo mtu anapigwa mchana kweupe. Kuna waya wa alumini uliopakwa shaba kwa nje, umejaa kwenye nyaya za spika na za kubusti betri. Kwa macho ni shaba tupu. Upinzani wake unazidi wa shaba kwa zaidi ya mara moja na nusu, kwa hiyo huo wa "4" unafanya kazi ya 2.5. Sumaku haikusaidii, kwa sababu shaba na alumini zote hazivutwi. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: shaba ni nyekundu hadi ndani, ule mwingine ni mweupe. Halafu kuna wizi wa aina ya pili, waya ni shaba halisi ila ni mwembamba kuliko ulivyoandikwa, plastiki imenenepeshwa kuficha. Dawa yake ni mizani. Mita 100 za waya wa 2.5 zina shaba ya ujazo wa sentimita za ujazo 250, na shaba ina uzito wa karibu gramu 9 kwa kila moja. Hiyo ni kilo 2.2 za shaba peke yake, kabla ya plastiki. Rola zima likiwekwa kwenye mizani ya nyanya likasoma kilo mbili kasoro, hakuna haja ya kubishana na muuzaji, unarudisha taratibu unaondoka. Ukinunua kidogokidogo, hesabu nyuzi za ndani. Waya laini wa 2.5 mara nyingi una nyuzi kama 50 za kipenyo cha milimita 0.25.

Laini, nimesema. Waya wa kufungia nyumba una uzi mmoja mgumu au nyuzi saba nene. Ukutani unakaa miaka 30 bila kutikisika. Kwenye barabara ya vumbi ya kwenda mnadani, gari likitetemeka saa mbili mfululizo, waya huo unajikunja palepale ulipobanwa, unakunjika na kunyooka mara elfu na elfu, mpaka unakatika ndani ya plastiki bila kuonekana. Nunua wenye nyuzi nyingi nyembamba. Ni ghali kidogo, na ndio unaofaa kitu kinachotembea.

Nimefika kwenye fyuzi, na hapa naomba tuelewane vizuri. Watu wengi wanadhani fyuzi inalinda friji. Friji ina kinga zake. Fyuzi inalinda waya. Betri ya gari ikipigwa shoti haitoi ampea 50, inatoa mamia, na kubwa hata zaidi ya elfu. Fikiria ule waya wa friji wa 2.5 umepita kwenye tundu la bati bila raba, gari linatetemeka, plastiki inalika, shaba inagusa bodi. Kwa mita 5 za waya huo zinaweza kupita zaidi ya ampea 200. Ndani ya sekunde chache plastiki inayeyuka, na plastiki hiyo imelala kwenye povu la godoro. Fyuzi ya ampea 10 ingekuwa imekatika kabla hujamaliza kusema "nini hicho".

Ukishaelewa kwamba inalinda waya, maswali mengine yanajijibu. Iwekwe wapi? Kwenye upande wa chanya, karibu na betri kadiri inavyowezekana, ndani ya urefu wa shibiri, kwa sababu kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Fyuzi iliyowekwa pale kwenye friji, mita 5 mbali, imeacha waya wote wazi. Iwe ya ampea ngapi? Juu ya kile kifaa kinachovuta, chini ya kile waya unachobeba. Friji ya ampea 4.2 kwenye waya wa 2.5, weka 10. Inveta ya 57 kwenye waya wa 16, weka 80. Na kama fyuzi inakatika kila mara, usiweke kubwa zaidi, na tafadhali sana usikunje waya au karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara ukachomeka mahali pake. Naona hiyo kwenye bodaboda, kwenye bajaji, kwenye redio za geto. Kufanya hivyo ni kumwambia waya: sasa wewe ndiye fyuzi. Na atatii.

Jambo moja ambalo hata mafundi wazuri wanalisahau: waya unaounganisha betri mbili unahitaji fyuzi mbili, moja kila mwisho. Ukikatwa katikati, kila upande una betri yake ya kuulisha moto. Na betri mbili utakuwa nazo, au uwe nazo. Ile ya kuwashia gari iachwe ifanye kazi yake, ya nyumba iwe peke yake, na kati yao rile au chaja ya betri kwa betri inayofungua njia injini ikiwaka na kuifunga injini ikizimwa. Vinginevyo asubuhi mnasukuma gari mnadani mbele ya wateja wenu.

Hiyo betri ya nyumba iwe kubwa kiasi gani? Kwa ufupi: taa saa 5, feni saa 8, chaji za simu, spika saa 3 na friji inayofanya kazi nusu ya siku, jumla inafika kama ampea-saa 100 kwa siku, na nusu yake inaliwa na friji peke yake. Betri ya risasi na asidi ukiishusha chini ya nusu kila siku unaiua, kwa hiyo unahitaji ya 200, au upunguze tamaa. Paneli ya wati 200 juu ya paa, kwa jua letu la karibu saa 5 kamili kwa siku, inarudisha kama 60. Zilizobaki zinatoka kwenye injini ukiwa njiani. Waya kati ya kontrola ya sola na betri nao uwe mfupi na mnene. Ukiwa mwembamba, kontrola inasoma volti zilizo juu kuliko zilizopo kwenye betri, inadhani imejaa, inaacha kuchaji mapema. Na unapounganisha, betri inatangulia kwenye kontrola, paneli inafuata.

Betri za kuongeza maji zinatoa gesi ya haidrojeni zikichajiwa. Chini ya kitanda cha watu waliofunga vioo kwa ajili ya mbu si mahali pake. Iwe na sanduku lenye njia ya hewa ya kutoka nje ya gari, au ununue iliyofungwa, na hata hiyo isifungiwe kama mtoto wa njiwa.

Nimeziacha mwisho sehemu za kuungia, na ndizo ninazoziogopa kuliko zote. Waya mzima una upinzani uliosambaa, joto lake linatawanyika mita kwa mita. Kiungo kibovu kina upinzani wake mahali pamoja. Chukua kiungo chenye omu 0.01 tu, kitu ambacho mita ya bei rahisi haiwezi hata kukiona, upitishe ampea 60. Ni wati 36. Chuma cha fundi redio cha kuyeyushia risasi kina wati 30 au 40. Yaani umeacha chuma cha fundi redio kikiwa kimewashwa ndani ya ukuta wa gari, na umekizungushia tepu.

Kusokota nyaya mbili na kuzungusha tepu ni mtindo wa taifa. Ndani ya bati la Hiace saa nane mchana gundi ya tepu inalainika na kuteleza, hewa yenye unyevu wa ziwa inaingia, shaba inaota kijani, na kile kijani kinapitisha umeme vibaya. Upinzani unapanda, joto linapanda, kijani kinaongezeka. Tumia vichwa vya shaba vya kubania, mafundi wanaviita lagi, vya saizi ileile ya waya, na vibanwe kwa koleo lake maalumu. Nyundo na koleo la kawaida vinakiponda kichwa bila kukikaza. Kwa waya wa 16 huna haja ya kununua koleo hilo, kipeleke kwa fundi aliye nalo akubanie ncha nne, ni kazi ya dakika chache. Vuta kwa nguvu. Ukichomoka, bora umechomoka mkononi mwako. Juu yake vesha mpira unaosinyaa ukipashwa moto, ule wenye gundi ndani. Wengine wanaona kuchomea kwa risasi ndiyo ufundi zaidi. Kwa redio sawa. Kwenye gari, risasi inapanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu kama uzi mmoja, na pale ugumu unapoishia ndipo mtetemo unapokata. Tena kiungo kikipata moto sana, risasi yenyewe inalegea.

Upande wa hasi usidharauliwe. Kawaida ya magari ni kurudisha umeme kwa bodi, lakini bodi ya Hiace iliyokaa barabarani miaka 20 ni bati, rangi, kutu na mapengo. Kila kifaa cha nyumba kirudishiwe waya wake hadi kwenye kipande kimoja cha shaba karibu na betri, kisha waya mmoja mnene uende kwenye bodi, mahali palipokwanguliwa rangi hadi chuma kikang'aa. Waya wa kurudia uwe na unene uleule wa kwendea. Ampea zinazorudi ni zilezile.

Siku ya kumlipa fundi, usimlipe kwa kuona taa imewaka. Taa ya LED itawaka hata kwenye waya mbovu. Washa kila kitu kwa pamoja, friji, feni, spika, blenda. Chukua mita, pima volti kwenye vichwa vya betri, kisha pima pale kwenye friji. Tofauti ikizidi 0.36, kuna waya mwembamba au kiungo kibovu mahali, na mtautafuta pamoja kabla pesa haijatoka. Acha vitu viendelee kuwaka nusu saa, halafu pitisha mgongo wa mkono kwenye kila kiungo, kila fyuzi, kila kichwa cha betri. Vuguvugu kwa inveta ni kawaida. Kiungo cha moto hadi unaondoa mkono kifunguliwe hapohapo. Muombe pia akuchoree kwenye karatasi waya upi umepita wapi na fyuzi ipi ni ya nini, muibandike ndani ya mlango wa betri, kwa sababu siku taa zitakapozima mtakuwa Kwimba usiku na yeye atakuwa Buhongwa, simu haipatikani. Baada ya mwezi wa kwanza wa barabara za vumbi, rudieni kukaza nati zote za betri. Zitakuwa zimelegea, hata kama zilikazwa vizuri.